Weusi wa mkorogo kwenye mashavu yangu

"Nani kakupiga, mwanangu?" Shangazi aliniuliza mlangoni, kabla hata sijamwamkia.

Hakuna aliyenipiga. Mashavu yote mawili, pale mfupa unapojitokeza, yalikuwa na weusi wa kibuluu kama damu iliyovilia. Mwaka mzima nilikuwa nauficha kwa poda.

Nilipaka mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kujichubua, miaka sita. Muuzaji alikuwa akichota krimu hii na ile, anakoroga mbele yangu na kunijazia kopo lisilo na maandishi yoyote. Weusi ulipoanza nikadhani ni jua, nikazidi kupaka. Hapo ndipo nilipojiumiza zaidi.

Daktari wa ngozi alinitazama kwa lenzi, akaniambia hiyo ni okronosisi, weusi unaoletwa na krimu za kujichubua. Hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikipakwa muda mrefu huweza kuacha rangi ndani kabisa ya ngozi, ndiyo maana skrabu zangu zote hazikugusa kitu. Huko Afrika Kusini madaktari waliueleza weusi huu tangu 1975. Hapa kwetu Tanzania hidrokwinoni imepigwa marufuku kwenye vipodozi, ila mimi kopo langu ningelisoma wapi?

Kuacha kulinitesa. Inaelekea mkorogo wangu ulikuwa na steroidi pia, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kwa sababu kila nikikosa siku mbili uso uliwaka na kutoka vipele. Daktari aliniachisha kidogo kidogo. Nawasihi dada zangu, msikate ghafla peke yenu.

Asubuhi napaka losheni ya kuzuia jua, yenye kiwango cha kinga cha SPF 50, ile yenye rangi ya kahawia. Nyeupe iliniacha kama nimepakwa majivu, tena daktari alisema yenye rangi huzuia hata mwanga ambao losheni ya kawaida hupitisha. Nikiwa nje narudia kila baada ya saa mbili, na mtandio naushusha hadi kwenye paji la uso.

Usiku ni krimu ya kufifisha weusi, ya asidi azelaiki ya asilimia 20, kiasi cha punje ya mbaazi. Wiki za mwanzo iliniwasha, nikawa napaka usiku mmoja, napumzika unaofuata.

Kila tarehe mosi nilijipiga picha dirisha lilelile. Miezi mitatu, hakuna kitu, nililia. Mwezi wa tano kingo za weusi zikaanza kufifia. Sasa ni mwezi wa kumi na moja: shavu la kulia limebaki na kivuli tu, la kushoto lina doa la ukubwa wa sarafu. Poda nimeiacha.