Mtoto anaota magego na tumbo linaendesha, meno tusiyasingizie

Huku kwetu mtoto akianza kuharisha jibu lipo tayari, ni meno hayo, yakitoka ataacha. Nimelisikia kwa mama mkwe, nimelisikia kwa majirani, hata kliniki kwenye foleni wamama wanaambiana hivyohivyo, na sio kwamba wanatunga, wanachokiona ni kweli, meno yanatoka na tumbo linaendesha kipindi kilekile. Ila shida inaanzia hapo kwenye "ataacha", mana mtu anakaa anasubiri jino huku mtoto anaishiwa maji mwilini.

Fikiria tu, mtoto anaanza kuota meno kwenye miezi 6 hivi, na ndo umri huohuo anaanza uji, anaanza kutambaa, kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, alafu fizi zinamsumbua kwahiyo kila anachookota kinaenda mdomoni, ndala, rimoti, kijiko kilichoanguka, kona ya mkeka. Uchafu unaingilia hapo. Jino lenyewe linaleta udenda, kulialia usiku, kukataa kula, kuvutavuta sikio, na mwili kupata joto kidogo. Homa ya kupita 38 au choo cha maji mara tatu na kuendelea kwa siku, hiyo ni ugonjwa na uchukuliwe kama ugonjwa.

Wangu ana mwaka na miezi kadhaa na sasa hivi ni zamu ya magego ya kwanza. Ukimfungulia mdomo kwenye mwanga unaona fizi ya nyuma imetuna, nyekundu, na katikati kincha kimoja cheupe kimeshachomoza, kidole ukipitisha hapo anashtuka. Kwa hilo namsugulia fizi taratibu na kidole nilichonawa vizuri, au nampa kitambaa safi nilichokilowesha nikakiweka kwenye friji apate kutafuna. Karoti ya baridi siipendi, wakishakuwa na meno ya mbele wanakata kipande kinaweza kumkaba. Na zile jeli za kupaka fizi ziwe ganzi soma vizuri kilichomo, zenye benzokaini hazifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wazi 2018 kwamba zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Sasa tumbo. Kitu cha kwanza ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, na hapa naomba tuelewane vizuri kuhusu maji. Zile pakti nyingi zimetengenezwa kwa lita moja, yaani pakti nzima kwenye lita kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sasa ukichukua chupa ya lita moja na nusu ukaijaza mpaka juu dawa inakuwa nyepesi, na ukimwaga pakti nzima kwenye kikombe kwasababu mtoto ni mdogo chumvi inazidi na hiyo ni hatari kuliko unavyodhani. Soma pakti, soma chupa. Usiongeze sukari wala juisi ili anywe. Yakibaki mpaka kesho yake saa ileile, mwaga, changanya mengine.

Kila akiharisha mpe robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa kama yupo chini ya miaka miwili. Najua utasema hanywi. Wangu pia anabana midomo anageuza shingo, kwahiyo sishindani nae na kikombe, nachukua kijiko cha chai, kijiko kimoja, natulia dakika moja au mbili, kingine, tunaangalia kuku nje, kingine. Akitapika nasubiri kama dakika 10 alafu naanza tena polepole zaidi. Inachosha jamani, mkono unakufa ganzi, ila maji yanaingia na hicho ndo kinachomponya mtoto anayeharisha. Na kama ni usiku wa manane na ORS hamna, maji safi lita moja, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa sio vya mlima, inakuvusha mpaka duka la dawa lifungue.

Pamoja na ORS ulizia zinki. Mtoto wa kuanzia miezi 6 ni miligramu 20 kwa siku, kidonge unakiyeyusha kwenye kijiko cha maji, siku 10 mpaka 14. Wengi wanaacha choo kikishakuwa kigumu, naomba msiache, malizeni zote, zinasaidia tumbo lisirudi kuharibika miezi inayofuata. Dawa za kufunga tumbo za wakubwa usimpe mtoto. Na zile za maji za amiba au antibayotiki ambazo tunanunua kienyeji tu kwasababu jirani alipewa, ziache mpaka mtoto apimwe.

Kunyonya aendelee, na kula aendelee, kidogokidogo mara nyingi, ndizi mbivu, mtori, wali laini na mchuzi, uji. Soda hapana. Na makalio yakiwa mekundu mvue pampasi akae wazi, muoshe kwa maji mkaushe kwa kumgusagusa, ndo umpake mafuta mazito.

Lingine linaniuma mno. Mtoto akiharisha na homa, bado kuna mtu atakuambia ni meno ya plastiki, peleka kwa fulani akang'oe. Haya maneno yapo Tanzania toka miaka ya 80 na mpaka leo watoto wanachokolewa fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kile cheupe kilichotuna pale pembeni ni chonge changa ya mtoto mwenyewe ipo ndani inajiandaa kutoka, hakuna plastiki. Akichokolewa anatoka damu nyingi, anaweza kupata pepopunda au maambukizi, na meno yake ya ukubwani yakaharibika au yasiote kabisa, na kuharisha kwake bado kupo palepale. Mama mwenzangu, hata kama aliyekushauri ni mtu unayemheshimu sana, mwambie shikamoo, asante, na mtoto mpeleke zahanati.

Na kuna hali hata ORS usibaki nayo nyumbani. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, masaa 6 hajakojoa, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu, amelegea hataki hata kukutazama, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo. Hapo ni hospitali muda huohuo, iwe usiku iwe mvua, chukua kadi yake ya kliniki waone kama chanjo ya rota, ile ya kukinga kuharisha, alipata, na njiani kama anaweza kumeza endelea na kijiko, na kama ananyonya mnyonyeshe.