Kutu ya Kumamoto: safari ya kutafuta tsuba Japani

Ukishuka stesheni ya Ryogoku, mashariki ya Tokyo, sumo ndiyo inayokupokea. Picha za mabingwa zimetundikwa ukutani, uwanja wao uko hatua chache tu kutoka mlangoni, na watalii karibu wote huelekea huko. Mimi na mwenyeji wangu, kijana wa Tanga anayesomea uhandisi, tuliupita uwanja tukakata kuelekea bustani ya zamani ya Yasuda, ambako Makumbusho ya Panga za Kijapani yalihamia mwaka 2018 kutoka upande wa Yoyogi. Semina iliyonipeleka Japani ilikuwa imekwisha. Siku zilizobaki zilikuwa zangu.

"Mjomba," kijana aliniuliza tukiwa mlangoni, "yaani tumekuja kwenye nyumba ya panga, halafu wewe hutaki kuangalia panga?"

Sikutaka, wala sikuona haya. Ubapa wa upanga wa Kijapani una wapenzi wake, watu wa kuinama mbele ya kioo nusu saa nzima wakisoma mawimbi ya makali. Mimi nilifuata vitu vinavyouvisha. Tsuba, lile bamba linalouzuia mkono usiteleze ukafika kwenye makali. Fuchi na kashira, pete inayoanza mpini na kifuniko kinachoumaliza. Menuki, vipande viwili vya nakshi vinavyobanwa chini ya uzi wa mpini. Na kozuka, mpini wa kisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala.

Anayeshangaa na aende Unguja kwenye harusi amtazame bwana harusi: joho, kilemba, na jambia kiunoni. Hakuna anayeuliza kama jambia linakata. Watu wanatazama fedha ya ala na kazi ya mpini, na wazee wakishakaa barazani wanaanza kusema ni la Maskati au la kuazima. Nimekulia kwenye nyumba yenye jambia la namna hiyo, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa kwamba silaha inaweza kuvaliwa zaidi ya miaka mia bila kuchomolewa, na kwamba wakati wote huo akili ya fundi hukaa kwenye pambo.

Ndivyo ilivyokuwa Japani chini ya mashogun, watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa. Vita vikubwa vilikoma mwanzoni mwa karne ya 17, samurai akabaki na panga zake mbili kiunoni kama alama ya daraja lake, na wafanyabiashara, waliokatazwa upanga mrefu, wakaruhusiwa ule mfupi. Hapo ndipo pesa ilipoingia. Mfanyabiashara wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, asiyeweza kuonyesha utajiri wake kwa cheo aliuonyesha kwa menuki.

Ndani ya makumbusho nilisimama muda mrefu mbele ya jozi moja ya menuki: kambakochi wawili wa dhahabu, hakuna aliyezidi urefu wa kidole gumba. Kila pingili ya mkia ilikuwa na mkunjo wake, na masharubu yalikuwa membamba hata ukiyatazama unaogopa kupumua. Hiyo ilikuwa kazi ya kina Goto. Ukoo huo ulianza na Yujo, aliyemtumikia shogun Ashikaga Yoshimasa na kufariki mwaka 1512, ukaendelea hadi kizazi cha 17. Hao hao ndio waliokabidhiwa pia kutengeneza oban, zile sarafu kubwa za dhahabu. Yaani fundi wa mapambo ya upanga na mtengeneza fedha ya nchi walikuwa nyumba moja.

Uwanja waliopenda kunakshi juu yake ni shakudo, shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu asilimia chache tu. Ikitoka kwenye tanuri haina cha kutazama. Fundi huisafisha, huipaka figili nyeupe iliyokunwa, kisha huichemsha kwenye maji yenye chumvi za shaba, nayo hugeuka nyeusi yenye ubuluu ndani yake. Wajapani huifananisha rangi hiyo na bawa la kunguru lililolowa. Juu ya weusi huo hugongwa chembe ndogo ndogo za mviringo, safu kwa safu, kila moja kwa pigo moja la patasi yenye mdomo wa kikombe. Nilijaribu kutafuta safu iliyopinda. Sikuipata.

Na bado, baada ya saa moja nilianza kuchoka. Kazi ya Goto ni kazi ya mtu anayejua anatazamwa na wakubwa. Aliyeingia kasri la shogun kwa mavazi rasmi alitakiwa kuwa na ala nyeusi na mapambo ya shakudo, na kazi ya ukoo huu ndiyo iliyohesabika kuwa ya heshima. Ukamilifu wa namna hiyo naustahi, lakini siwezi kuuweka nyumbani. Nilichopenda kilikuwa kwenye kabati la pembeni: tsuba za chuma tupu, nyeusi, nyingine hazina hata saini.

Jumapili tulikwenda Yurakucho, kwenye soko la vitu vya kale linalotandazwa uwanjani pa jumba la Tokyo International Forum. Vyungu, kimono, saa mbovu, kadi za posta za zamani. Wauza tsuba hawakuwa wengi, na hapo ndipo nilipomwona kijana wangu akianza kuvutiwa, kwa sababu kuna biashara.

Mzee mmoja alikuwa na tsuba zimepangwa juu ya kitambaa cha zambarau. Nilinyoosha mkono, akaninyoshea wake kwanza: ishike ukingoni, kwa ncha za vidole, usiguse uso wake. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Nikaishika alivyotaka. Kipenyo kama sentimita nane, unene haufiki nusu sentimita, lakini mkono ulishuka kidogo kwa uzito wake. Katikati kuna tundu la kupitishia mkia wa upanga, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na pembeni matundu mawili ya kisu kidogo na kijiti chake. Ndani ya tundu la kati, juu na chini, palikuwa na vipande vya shaba nyekundu vilivyoshindiliwa, na kando yake alama za patasi. Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta. Kila upanga una mkia wa unene wake, kwa hiyo tsuba ikihama kutoka upanga mmoja kwenda mwingine fundi huubana mdomo wa tundu ili isicheze. Tsuba yenye makovu hayo imefanya kazi.

Jirani yake, muuzaji mwingine aliniletea moja inayong'aa vizuri sana, joka zima na mawingu yake, kwa bei ya chini. Niliitazama ndani ya matundu. Palikuwa na mstari mwembamba wa kiungo, dalili ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na uso ulikuwa na vitobo vidogo vidogo. Yule mzee, bila kusema neno, aliiweka tsuba yake juu ya ncha ya kidole akaigonga kwa kijiti: sauti ikapanda juu ikakaa. Kisha akaonyesha kwa kidevu ile ya jirani. Kijana wangu aliigonga. Ilijibu kwa mlio mfupi, umekufa.

"Kumbe hii ni feki," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akiwa na hakika hakuna wa kumsikia.

Sikununua kitu siku ile. Ile ya mzee ilikuwa nzuri, ila ilikuja na cheti, na cheti kina bei yake. Chama cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoundwa mwaka 1948 na ndicho chenye yale makumbusho ya Ryogoku, hukagua vifaa hivi na kuvipa madaraja. Daraja likipanda hatua moja, bei hupanda ngazi nzima. Wapo wakusanyaji wanaonunua karatasi na kusahau kutazama chuma.

Njiani kwenda kusini tulishuka Kyoto kwa mchana mmoja tu, tukapanda mtelemko wa Sannenzaka hadi kwenye makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 2000. Mwanzilishi wake alikuwa mtu wa viwanda vya elektroniki, akaangukia kazi za mafundi wa enzi ya Meiji, iliyofuata baada ya mashogun, kwenye duka la vitu vya kale New York, si Kyoto, akaanza kuzirudisha nyumbani. Kisa chake kinaeleweka ukikumbuka mwaka 1876, serikali mpya ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa waliovaa rasmi. Mafundi wakapoteza wateja karibu kwa mpigo mmoja. Wengine waligeukia vyetezo, vyombo vya maua na vikasha vya sigara vya kuuzia wageni. Kano Natsuo, ambaye kwangu ni fundi mkubwa wa mwisho wa kazi hii, alikuwa ameshapewa kunakshi sarafu za serikali ya Meiji, na baadaye akafundisha kwenye chuo cha sanaa cha Tokyo. Tsuba zenyewe zilinunuliwa kwa wingi na wageni. Daktari Mmarekani, William Sturgis Bigelow, alikusanya nyingi kiasi kwamba hadi leo makumbusho ya sanaa ya Boston ni mahali pa kwenda kusoma kazi hii kwa dhati.

Kumamoto iko kisiwa cha Kyushu, treni ya kasi inafika. Ngome yake ilipigwa na tetemeko la Aprili 2016. Mnara mkuu umeshafunguliwa tena tangu 2021, lakini kuta bado zinatengenezwa, na mawe yake yamelazwa uwanjani kila moja limeandikwa namba ili lirudi palepale lilipokuwa.

Nilikwenda kwa sababu ya ukoo wa Hosokawa. Walikabidhiwa Kumamoto mwaka 1632, na mkubwa wao, Tadaoki, alikuwa mwanafunzi wa Sen no Rikyu, bingwa wa chai. Ladha ya chumba cha chai ikashuka hadi kwenye panga zao: chuma cheusi kimya, umbo lililonyooka, dhahabu kidogo mahali pamoja. Fundi wao mashuhuri alikuwa Hayashi Matashichi, aliyezaliwa mwaka 1613 kwenye familia ya wafua bunduki. Kujua kufua mtutu ni kujua chuma, na kinaonekana. Tsuba yake yenye maua ya mcheri na pepeo za mkono zilizochanika imo katika hazina ya Hosokawa, Eisei Bunko, Tokyo. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, na picha hiyo ndiyo iliyonipandisha ndege.

Kazi ile haijafa. Karakana niliyoingia ni chumba kimoja, meza ya chini, taa, na fundi mama wa makamo. Alichukua kipande cha chuma akaanza kukikwangua kwa patasi bapa: mistari ya wima, ya mlalo, kisha ya mshazari huku na huku, hadi jicho likaona ukungu tu pale. Akaweka juu yake karatasi ya dhahabu iliyokatwa umbo la jani, akaigonga kwa pembe ya kulungu. Pembe ni laini kuliko chuma, haiichani dhahabu. Inaisukuma tu ishikwe na yale meno elfu ya mistari. Hakuna gundi.

Kisha huja kutu. Hukipaka kipande dawa ya kukitia kutu makusudi, mara kwa mara, mpaka uso wote uwe wa hudhurungi sawasawa. Halafu hukichemsha kwenye chai. Ndiyo, majani ya chai. Ukali wa chai huigeuza kutu nyeusi na kuizuia isiendelee kula. Nilimwomba kijana anitafsirie mara mbili ili niwe na hakika.

"Anasema chai, mjomba. Chai hii hii. Ila haweki sukari."

Siku hizi yeye hutengeneza zaidi pini za tai na hereni, kwa sababu wanaoagiza tsuba ni wachache. Alinielekeza kwenye duka la vitu vya kale nyuma ya barabara ya tramu, na hapo nikainunua: ya chuma, haina saini, haina cheti, imetobolewa maumbo mawili marefu ya mviringo, kushoto na kulia. Mtindo huo unahusishwa na Miyamoto Musashi, mpiga upanga aliyeishi miaka yake ya mwisho hapo Kumamoto kama mgeni wa Hosokawa hadi alipofariki mwaka 1645. Maumbo yale huitwa jongoo bahari. Mtu wa pwani hawezi kuiacha. Ililingana na bei ya simu ya kawaida, na kwa kuwa haina makali haikuhitaji usajili wala kibali kama upanga.

Kabla ya kuondoka nilirudi karakanani kumwuliza yule mama kitu kimoja: nakaa kisiwani, upepo wa bahari unaingia dirishani, nitaitunzaje? Alifikiri kidogo. Kitambaa cha pamba kikuukuu, alisema, ifute mara nyingi, taratibu. Mafuta yakizidi yanashika vumbi. Kikasha cha mti wa kiri, usikiweke karibu na jikoni. Ikitokea kutu nyekundu, usiiguse kwa msasa wala siki. Chonga mfupa, ukwangue doa lile peke yake, uache weusi wa zamani ulipo.

Masika yaliyopita doa lilitokea, karibu na tundu la kati, dogo kama punje ya ufuta. Nilikwenda kwa muuza nyama wa Darajani nikaomba mfupa wa mguu wa ng'ombe, mkavu. Akauliza ni wa supu. Nikamwambia ni wa kusafishia chuma. Alinipa bure, na mwezi uliofuata aliniita nipite nimwonyeshe hicho chuma.