Moyo ukikata kamba: mimi na bomba langu la sindano

Mara ya kwanza niliinama kuokota bobini chini ya cherehani. Nilipoinuka moyo ulikuwa umeshakata kamba. Haukupanda taratibu kama ukikimbilia daladala. Ulichomoka ghafla, kama umewashwa swichi, mpaka mshipa wa shingo ukawa unarukaruka. Jirani wa kibandani akasema, "Dada, hiyo presha," akanikalisha chini. Baada ya robo saa ukazima vilevile, ghafla.

Miaka miwili ilienda hivyo. Kila nikifika hospitali moyo umeshatulia, karatasi ya kipimo inatoka safi, naambiwa nipunguze mawazo. Siku waliyoudaka ukiwa bado mbioni, mapigo yalikuwa 186 kwa dakika.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi. Umeme wa moyo unaanzia kituo cha juu, kwenye chumba cha moyo cha upande wa kulia, unapita kituo cha katikati ambako unacheleweshwa kidogo, ndipo unashuka chini. Mimi hapo katikati nina njia mbili badala ya moja, na umeme ukiingia vibaya unazunguka humohumo kama gari lililokosa pa kutokea kwenye kipilefti. Lililonishangaza ni breki. Moyo ukiachwa peke yake hupiga kama mara 100 kwa dakika. Neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni, ndiyo inayouzuia tukiwa tumetulia. Ndiyo maana aliyepandikizwa moyo mapigo yake huwa juu hata akiwa amepumzika, kwa kuwa neva zilikatwa. Na breki hiyo inabana pia kituo cha katikati. Ikibana vizuri, mzunguko unakatika.

"Sasa mama, tuikanyage," akasema, akanipa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano.

Unakaa umeegemea, unapuliza kwenye bomba sekunde 15, nguvu ya kusogeza tu ile pistoni. Halafu mtu anakulaza chali papo hapo na kukuinua miguu sekunde 15. Damu inarudi moyoni kwa wingi, presha inapanda, vagasi inashtuka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulikuta njia hii iliwatuliza watu 43 katika kila 100. Kupuliza bila kulazwa, 17 tu.

Nyumbani nilianza vibaya. Nilipuliza kwa mashavu kama ninayewasha mkaa, na pistoni ilikuwa imenata (siku hizi naivuta mara mbili tatu kwanza). Mume wangu naye aliniinua miguu nilipokwisha kaa kitako. Mara ya tatu tulipatana: niliwekwa chali, nikasikia kimya kimoja kirefu kifuani, kisha pu, pu, taratibu. Nilicheka.

Kifua kikiuma au nikiona giza hatupulizi, tunaita bajaji. Daktari anasema njia ile ya ziada inaweza kuunguzwa kwa waya unaopitishwa mshipa wa paja. Bado najikusanya, pesa na ujasiri.