Kukimbia Januari ya Manchester: Gran Canaria, upande wa demani

Katikati ya Januari, jua la Manchester huchomoza saa 2 na robo asubuhi na kuzama saa 10 na robo jioni. Hata mawingu yakipasuka adhuhuri, halifiki zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo, yaani linachungulia tu juu ya paa la jirani. Gran Canaria, kisiwa cha Hispania katika visiwa vya Kanari, iko nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta, na wiki hiyohiyo jua lake la adhuhuri husimama nyuzi 41. Kwa ndege ni mwendo wa saa 4 na nusu hivi, na saa za huko ni zilezile za Uingereza. Tulikaa siku 7.

Kabla ya kulipa tulipitia sehemu nyingine. Malaga, Antalya na Kupro tuliziacha mapema. Matangazo yao hupigwa picha Julai, lakini Januari ndiyo msimu wa mvua wa Mediterania, na joto la mchana ni nyuzi 15 hadi 17: hali ya kutembea na koti. Hurghada, Misri, jua lipo, ila upepo wa kaskazini unakata, na usiku unatafuta blanketi la pili. Cape Verde kuna joto zaidi, kwa saa 6 za ndege. Muscat pia ni pazuri Januari, na utakutana na wazee wa kukuamkia kwa Kiswahili, lakini nauli ni nyingine kabisa. Zanzibar na Mombasa zinajulikana: kaskazi inavuma, maji ya uvuguvugu. Tatizo ni kwamba wiki moja nyumbani si likizo. Ni kuzungukia jamaa, misiba miwili na harusi moja.

Viza ndiyo inayovunja safari nyingi za watu wetu. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwamo, hata kama ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Aliye Ireland naye ni vivyo hivyo, kwa kuwa Ireland haimo Schengen. Aliye na kibali cha ukaazi cha Sweden au Ujerumani anapanda ndege tu, akiwa na pasipoti na kadi yake. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya afya iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike hadi 45, na nafasi za miadi za Desemba huisha mapema. Kosa la kawaida: ndege inapitia Amsterdam, mtu anaomba kwa Waholanzi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, hapa Hispania. Na usilipie chumba kisichorudishiwa pesa kabla viza haijabandikwa.

Haya, kisiwa chenyewe. Watu huuliza kisiwa gani, wakati swali lenyewe ni upande gani. Upepo mkuu wa Kanari unatoka kaskazini mashariki, umejaa unyevu wa bahari. Unagonga milima inayokaribia mita 2,000, unapanda, unapoa, na mawingu yanajaa kaskazini na kukwama hapo. Manahodha wa kwetu wangesema kaskazini ni joshini, upande unaopigwa na upepo, na kusini magharibi ni demani, upande uliokingwa. Jiji la Las Palmas liko joshini. Wenyeji huliita wingu lake la kijivu tumbo la punda, hasa kiangazi. Mtu anaweza kukaa pale wiki nzima akilalamika kuwa ametapeliwa jua, na kilomita 50 kusini wengine wanatafuta kivuli.

Tulilithibitisha hilo tukiwa ndani ya basi. Basi huko linaitwa guagua, na namba 66 hutoka uwanja wa ndege hadi mnara wa taa wa Maspalomas, kama kilomita 30. Weka noti ndogo mfukoni, dereva hapendi kuvunja hamsini. Njiani, upande wa Arinaga, kuna mitambo ya upepo iliyopangwa kando ya bahari, mapanga yakizunguka bila kupumzika. Kanuni yetu ikawa rahisi: unapoona mapanga, usishuke. Ufuko wa Playa del Inglés bado unapigwa na upepo huo alasiri, mchanga unakuchoma miguuni kama sindano. Ukivuka kilima cha mchanga kuelekea mnara, unatulia. Ukiendelea magharibi hadi fukwe za Puerto Rico, Amadores na Puerto de Mogán, unakuta maji yamelala kama ya birika.

Chumba nacho kina hesabu yake. Jua la nyuzi 41 hutupa kivuli kirefu: jengo la ghorofa 5, tuseme mita 15, linatupa kivuli cha mita 17 adhuhuri, na zaidi kabla na baada. Kwa hiyo bwawa lililo kaskazini mwa jengo ni kivuli mtupu Januari, ingawa kwenye picha za Julai linameremeta. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta bwawa, angalia jengo liko upande gani. Puerto Rico imejengwa kwenye kuta za bonde, hivyo nyumba za ukuta wa magharibi hupoteza jua mapema alasiri, na ngazi ni nyingi mno kwa mwenye kigari cha mtoto. Uliza pia kama maji ya bwawa yanapashwa moto. Vyumba vingi havina hita, na usiku hushuka hadi nyuzi 14 au 15, beba sweta.

Bahari ni nyuzi 19 hadi 20. Aliyezoea Kigamboni au Nyali ataguna. Unaingia kwa dakika 15, unatoka, joto la mchana la nyuzi 21 au 22 linakukausha. Ncha ya Maspalomas, fukwe mbili zinapokutana, ina mkondo mkali, usiogelee hapo hata kama maji yanaonekana shwari. Bendera nyekundu ni marufuku, ya njano ni tahadhari. Matuta ya mchanga ni hifadhi, pita kwenye njia zenye alama tu.

Kinachoweza kuharibu wiki ni kalima: upepo wa mashariki unaobeba vumbi la Sahara. Anga hugeuka rangi ya chai ya maziwa, koo linakauka. Februari 2020 ilifunga viwanja vya ndege vya visiwa hivi. Mwenye pumu abebe dawa yake kwenye mkoba wa mkononi, na bima iwe inalipia ucheleweshwaji.

Chakula: agizeni papas arrugadas. Ni viazi vidogo vinavyochemshwa na maganda yake katika maji ya chumvi nyingi, kisha maji humwagwa na sufuria hurudishwa motoni ikitikiswa, hadi ganda linanywea na chumvi inaganda juu kama umande mweupe. Huchovywa kwenye mojo nyekundu ya pilipili, kitunguu saumu, bizari nyembamba, siki na mafuta. Mlaji wa mbatata za urojo hatajiona mgeni.

Kurudi, fika uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Mageti ya ndege za Uingereza yako nyuma ya ukaguzi wa pasipoti, na tangu mfumo wa alama za vidole na picha uanze Oktoba 2025, foleni hiyo huwa ndefu. Watu hukaa kwenye mikahawa ya upande wa huku, wakidhani wamemaliza ukaguzi, huku geti lao linafungwa. Pitia pasipoti kwanza, kahawa baadaye. Na koti lisiingie kwenye begi la chini ya ndege.