Nilivyohamisha Uthibitishaji Kutoka Mifumo ya Hifadhi Hadi Seva ya Mbali

Nilipokabidhiwa usimamizi wa mifumo 9 ya kuhifadhi data, kila mmoja ulikuwa na orodha yake ya watumiaji na nywila zake. Mwenzetu mmoja alipoacha kazi, niliingia kwenye vidhibiti, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo hiyo, kimoja baada ya kingine kufuta akaunti zake, nikaridhika kwamba kazi imekwisha. Wiki 3 baadaye niligundua kwamba akaunti yake ilikuwa bado hai kwenye mifumo 2, kwa kuwa humo jina lake lilikuwa limeandikwa kwa tahajia nyingine. Hakuna aliyekuwa ameitumia, lakini usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi niliomba ruhusa ya kuondoa kabisa kazi ya kuthibitisha watu kwenye mifumo ya hifadhi na kuikabidhi kwa seva ya mbali.

Upande wa wasimamizi haukunisumbua sana. Kila kidhibiti nilikielekeza kwenye seva ya saraka, inayotunza orodha moja ya watumiaji wote, kwa LDAP, itifaki ya kuulizia orodha hiyo, iliyolindwa kwa usimbaji wa TLS, kupitia lango 636, na haki za kuingia nikazifunga kwenye vikundi badala ya majina ya watu. Kwa mafaili yanayotumiwa na watu wengi nilichagua Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watu kwa tiketi za muda mfupi, iliyobuniwa katika chuo cha MIT miaka ya 1980. Kikwazo nilichokutana nacho hapo kilikuwa saa: kwa kawaida Kerberos haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine mbili, na kidhibiti kimoja kilikuwa kimechelewa kwa dakika 7, hivyo watu wenye nywila sahihi walikuwa wakikataliwa nami nikihangaika kutafuta kosa kwenye nywila. Baada ya kuifanya mifumo yote ichukue saa kutoka chanzo kimoja, tatizo lilitoweka.

Jambo zito lilikuwa diski zenyewe. Diski zetu hujisimbia data, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, kwa kanuni ya AES ya biti 256, na ufunguo unaofanya kazi hiyo hautoki kamwe nje ya diski. Ufunguo huo nao hufunikwa kwa siri nyingine, yaani ufunguo wa uthibitishaji, ambao diski huudai kila umeme unapokatika na kurudi. Siri hiyo ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kidhibiti kilekile kilichozibeba diski, maana yake ni kwamba mtu akiondoka na mtambo mzima ameondoka na kufuli pamoja na ufunguo wake. Nilizihamishia siri zote kwenye seva ya funguo inayozungumza na vidhibiti kwa KMIP, itifaki ya kusimamia funguo, kupitia lango 5696, kila upande ukionyesha cheti chake cha kidijitali cha utambulisho kabla ya kusikilizwa.

Kwa siku kadhaa kila kitu kilikwenda vizuri, nami nikaamua kufanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kutangaza kwamba amemaliza. Nilichagua mfumo mmoja ambao data yake yote ilikuwa na nakala mahali pengine, nikauzimia umeme, nikasubiri dakika chache, kisha nikauwasha. Diski zilianza kuzunguka, taa zake zikawaka moja baada ya nyingine, halafu kwenye skrini ya kidhibiti ukatokea ujumbe kwamba seva ya funguo haipatikani. Niliangalia nyaya, nikaangalia vyeti, nikaangalia ukuta wa moto (firewall) unaochuja mawasiliano ya mtandao. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo nilipokumbuka kwamba seva ya funguo ilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tu, na faili la mashine hiyo lilikuwa limehifadhiwa kwenye mfumo huohuo niliouzima. Diski zilikuwa zikiomba ufunguo kwa seva iliyofungiwa ndani yake. Nakala rudufu ya seva hiyo ndiyo iliyotuokoa: niliirejesha kwenye mashine halisi iliyokuwa pembeni, na baada ya saa 4 diski zikafunguka.

Hilo ndilo lililobadilisha mpango wangu wote. Sasa tuna seva 2 za funguo, kila moja kwenye mashine yake halisi yenye diski zake za ndani, katika vyumba viwili tofauti, na hakuna hata moja inayotegemea mfumo wa hifadhi ili iwake. Seva za saraka na za majina ya mtandao nazo nilizikagua kwa jicho hilohilo, kwa sababu kidhibiti kinachoitafuta seva ya funguo kwa jina hakitafika popote ikiwa anayetafsiri jina hilo naye amefungiwa. Kila kidhibiti kimebaki na akaunti moja ya dharura ya hapohapo, yenye nywila ndefu iliyowekwa kwenye bahasha iliyofungwa, na ikitumika tu, wasimamizi wote hupata taarifa. Tarehe za mwisho za vyeti nimeziweka kwenye kalenda ya timu nzima, kwa kuwa cheti kilichoisha muda huifungia diski nje sawasawa na nywila isiyo sahihi.

Jaribio la kuzima umeme tunalirudia kila baada ya miezi 3. Mara ya mwisho nilizima makusudi na seva moja ya funguo. Vidhibiti viligeukia ya pili, na diski zilifunguka baada ya dakika 6.