Kisu cha Baba Kinabaki Kwenye Droo

Baba alitulea watoto watano kwa kisu kimoja na matenga ya machungwa pale stendi ya Muheza. Basi la Tanga likisimama, abiria hajamaliza hata kuuliza bei, chungwa limeshamenywa: ganda limetoka utepe mmoja mrefu, tunda limebaki jeupe, linasubiri kukatwa kichwa na kufyonzwa. Kisu chenyewe kilikuwa Okapi, mpini wa mbao wenye vimwezi na vinyota vya bati, na pete ya kuvuta mgongoni. Kikifunguliwa kinalia krrr-krrr. Ule mlio ukiusikia asubuhi unajua baba yuko kazini na jioni mtakula.

Nilipopata safari ya Uingereza akanipa kile kisu. "Chukua. Huko utakula nini bila kisu?" Basi, hakuongeza neno. Nikakiviringisha ndani ya soksi, nikakitia kwenye begi kubwa la kupakiwa, kikafika salama Sheffield, mji ambao wakati ule sikuujua kwa lolote isipokuwa timu zake za mpira.

Miezi miwili nilitembea nacho mfukoni. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuuza matunda sokoni, na meza yetu ilikuwa na mzee mmoja mwenyeji wa hapahapa. Siku aliponiona nafungua kile kisu nimenye chungwa, akasimamisha kazi. Akaniuliza nakaa wapi, narudi nyumbani na usafiri gani. Nikamwambia basi. Akasema: "Hapa mezani una sababu ya kuwa nacho. Saa mbili usiku kwenye basi, sababu yako ni ipi?"

Nikaenda kusoma. Kifungu cha 139 cha sheria yao ya mwaka 1988 kinakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha hadharani bila sababu ya msingi. Kilichosamehewa ni kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Nikapumua, nikadhani nimepona, kumbe kuna la zaidi: mahakama zilishaamua kwamba kisu cha kukunja ni kile kinachokubali kukunjika wakati wowote, kwa kusukuma tu. Chenye komeo, hata kiwe kidogo kama kidole, kinahesabiwa sawa na kisu cha ala kisichokunjika. Na Okapi ya baba ina komeo, ile pete ndiyo ya kulifungulia. Tena makali yake yanapita hizo inchi 3 bila kuuliza. Sheria hiyohiyo inakubali sababu ya kazi, ya dini, na ya vazi la taifa. Hapo nilicheka peke yangu nikimfikiria bwana harusi wa Unguja na jambia lake kiunoni, anajieleza kwa askari wa Sheffield.

Okapi ikaenda kwenye droo. Nikabaki na mfuko mtupu, na mtu aliyezoea kisu akikikosa huhangaika kama aliyesahau miwani.

Kesho yake yule mzee akatoa chake. Kilikuwa kidogo, mpini wa pembe ya nyati uliong'aa kwa miaka ya kushikwa, hakina pete wala kitufe. Ndani ya mpini mna springi bapa inayokandamiza kitako cha wembe, yaani lile bamba la kukatia. Kikiwa wazi springi inakishikilia, kikiwa kimefungwa inakishikilia vilevile, lakini ukisukuma mgongo wake kinalala bila ubishi. Makali yake yamenyooka kama rula na mgongo unateremka kuyafuata, kwa hiyo ncha yake si ya kuchoma. Wenyewe umbo hilo wanaliita mguu wa mwanakondoo, na ni la hapahapa Sheffield. Nikamenya nacho chungwa. Utepe haukukatika.

Ndipo nilipogundua nimetua mji gani. Chama cha mafundi wa visu wa hapa kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Miaka ya 1740, fundi saa aitwaye Benjamin Huntsman, akitafuta chuma kizuri cha springi za saa zake, akafikia kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, na mji ukatajirika kwa chuma hicho. Mwaka 1913 Harry Brearley akapata hapa chuma kisichoshika kutu. Kwenye jumba la chama kuna kisu cha Joseph Rodgers chenye nyembe 75, kilichotengenezwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851. Ni kikubwa kuliko mfuko wowote na sioni kilifaa kazi gani. Mimi walionivuta ni mafundi wadogo: mtu amepanga chumba kimoja, ana kiti cha kunolea na vyuma vyake, anaunganisha kisu kimoja kimoja kwa mkono. Wanoaji wao wengi walikufa mapema kwa vumbi la mawe lililojaa mapafuni. Wamebaki wachache sana, lakini wapo.

Nikaanza kukusanya. Si kwa fedha nyingi: masoko ya mitumba ya Jumapili, meza za wazee wanaouza vyombo vya marehemu, pauni tano hapa, nane pale. Mwanzo nilinunua kwa macho, na kila nilichonunua kwa macho nilijuta. Sasa nanunua kwa masikio na vidole. Nafungua taratibu nisikie springi inapiga. Kisu kizima kinatoa mlio mmoja mkavu, kilichochoka kinasinzia. Natikisa wembe kulia na kushoto nione kama unacheza. Nakitazama kikiwa kimefungwa dhidi ya mwanga, maana kilichonolewa sana hupungua hadi ncha yake huchungulia nje ya mpini, na hicho kitakukata mfukoni. Mwisho nasoma alama kwenye shina la wembe. Nyota na msalaba wa Malta ni Joseph Rodgers. I*XL ni Wostenholm. Ila alama haimenyi chungwa, na vingine vizuri nilivyonavyo vimefutika majina kabisa.

Makosa mawili yalinigharimu. La kwanza ni mafuta ya nazi. Kwetu ni dawa ya nywele, ngozi, hata bawaba za mlango, basi nikayapaka kwenye bawaba za visu vyote. Ikaingia Novemba. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba changu kilikuwa hakijaonja nyuzi 24 tangu Agosti. Asubuhi moja nachukua kisu hakifunguki, ndani mna ute mweupe kama samli. Siku hizi ni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na wembe naufuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kula.

La pili liliniuma zaidi. Nilikuwa na kisu chenye mpini wa kuiga gamba la kasa, kumbe ni seluloidi, plastiki ya zamani. Nikakiweka na wenzake kwenye kopo la biskuti, kifuniko kikabana. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wa asidi. Nilipofungua kopo baada ya majira ya baridi harufu ilinipiga pua, na visu vitatu vya jirani vilikuwa vimeliwa na kutu hadi kwenye springi. Viwili havikupona. Ukinunua cha namna hiyo, kiweke peke yake, na kiache kipate hewa.

Pembe za ndovu sinunui. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kijisu cha kukatia kalamu, mpini mweupe wenye mistari myembamba, akasema tumalizane kimyakimya. Sheria ya Uingereza inayobana biashara ya pembe ilianza kazi Juni 2022, kwa hiyo kimyakimya yake niliielewa. Lakini hata kabla ya sheria, mtu wa pwani ya Tanga anayejua soko la Unguja la karne ya 19 liliuza nini, na mizigo ile ilitoka Tabora na Ujiji juu ya mabega ya nani, kile kisu hakimkai mkononi. Rodgers walikuwa na ghala zima la pembe mjini hapa. Nilimrudishia.

Badala yake niliweka akiba miezi mitano, nikamwendea fundi mmoja na kumwomba mguu wa mwanakondoo wenye mpini wa mpingo. Mpingo aliujua vizuri, kwani huku wanautumia kwenye zumari na filimbi zao. Alichokuwa hajui ni jina letu. Akalirudia mara tatu nne huku akichonga: mpingo, mpingo. Wembe nilitaka chuma cha kawaida, si kile cha Brearley, kwa sababu kinanoleka haraka. Kazi yangu ya machungwa ilikigeuza rangi wiki ya kwanza, kikawa kijivu chenye ubuluu kama shingo ya njiwa. Wapo wanaokimbilia msasa kukirudisha cheupe. Wakiache, ile rangi yenyewe hupunguza kutu.

Hicho ndicho natembea nacho kila siku: machungwa, kamba za maboksi, barua, mkate wa mchana. Ijumaa usiku nanoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipopakwa rangi, kama alivyonifundisha baba. Siku ya mpira, ya uwanja wa ndege au ya kwenda ofisi yenye mlinzi, kinabaki nyumbani, hata kama ni halali.

Mwaka jana nilirudi Muheza nikiwa na pacha wake kwenye begi la kupakiwa, kwa ajili ya baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akakipokea, akakipima uzito kiganjani. Akaugusa mpini, akasema mpingo huu umetembea. Akafungua, akafunga, akafungua tena, akakiweka sikioni.

"Mbona hakilii?"

Akachukua chungwa, akamenya kimya kimya mpaka utepe ukagusa mchanga. Akanikatia mimi nusu ya kwanza. Kisha akakifuta kwenye kanzu, akakitumbukiza mfukoni.

"Na changu umekiweka wapi?"

"Kiko kwenye droo, baba. Kule hakiruhusiwi kutoka."

Akanitazama kama niliyemwambia nimemfungia mtu ndani.

"Basi ukija tena, kirudishe."