Kumbukumbu ya mradi: kuzipa faili jina lisilohama

Wiki ya 1. Nimehamisha folda moja tu ya rekodi za sauti, na viungo vyote vilivyoielekea vimekufa. Nilichokuwa nakiita utambulisho kilikuwa anwani.

Wiki ya 2. Nimejaribu kuita kila faili kwa alama yake ya SHA-256, herufi 64 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ilinipendeza mno, hadi niliposahihisha tarehe iliyokosewa ndani ya picha moja. Alama ikageuka yote, na picha ni ile ile! Alama ile inashuhudia yaliyomo, haimtaji mwenye kuyabeba. Sikuitupa: ina safu yake kwenye jedwali, na kila usiku programu huikokotoa upya ili nijue faili ipi imeharibika.

Wiki ya 3. UUID, kitambulisho kinachozalishwa na kompyuta, ingetosha kama wasomaji wangekuwa mashine peke yao. Lakini nataka mtu aweze kunakili kitambulisho kwa kalamu, na herufi 36 ni nyingi. Nimehamia ARK (Archival Resource Key), mfumo wa vitambulisho vya kudumu ulioanza mwaka 2001. Desturi yake ni kutumia tarakimu na konsonanti bila irabu wala y, ili lisizuke neno lenye maana, na bila l, isije ikasomwa kama 1. Alama zinazobaki ni 29. Kila moja ina thamani yake; unaizidisha kwa nafasi iliyokaa, unajumlisha, unagawanya kwa 29, na baki ndiyo huwa herufi ya mwisho ya uhakiki. Nimeandika msimbo huo mwenyewe, kisha nikabadilisha nafasi za herufi mbili jirani zisizofanana katika kila kitambulisho. Vyote vikakataliwa. Nilifurahi kweli.

Namba ya taasisi, inayotangulia kila kitambulisho cha ARK kuonyesha aliyekitoa, bado ni 99999, iliyotengwa kwa majaribio. Nitaomba yangu kabla sijamgawia mtu yeyote kiungo.

Wiki ya 4. Nimefuta nakala 11 zilizojirudia. Vitambulisho vyake havitapewa faili nyingine kamwe. Mistari yake imebaki kwenye jedwali, na anayefuata kiungo anakuta tarehe ya kufutwa, sababu, na kitambulisho cha nakala iliyosalia. Kazi hii ndogo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa msomaji aliyeniamini haachwi mbele ya ukurasa mtupu.

Kinachonikabili sasa ni matoleo. Rekodi iliyosafishwa kelele: ni faili ile ile, au nyingine? Naelekea kuipa kitambulisho chake, kisha niiunganishe na mama yake.